Mikono Yote ya Kushoto

Mjukuu wangu tulimwita Kiberiti tangu anatambaa. Ukimnyang'anya kijiko anawaka, ukimrudishia anazima, na wewe unabaki umeshika moshi. Alipokuwa mdogo ilikuwa kichekesho. Alipofika kidato cha mwisho kichekesho kikaisha.

Siku mama yake alipomleta kwangu nilikuwa napinda mapazia ya mteja. Mama yake ni binti yangu wa pili, muuguzi, mtu wa zamu, na siku hiyo alikuja bado amevaa vile viatu vyeupe vya kazini. Akaweka begi la mtoto karibu na kabati la vitambaa, akaketi, akanieleza. Kwenye mtihani wa majaribio wa hesabu, Kiberiti alisoma swali la kwanza akaona tarakimu zinacheza. Akili ikawa nyeupe kama shuka mpya. Akaichana karatasi katikati, akasimama, akatoka nje mbele ya darasa zima.

Mwalimu wake wa darasa alimtetea kwa mkuu wa shule, na mwanamke yule namshukuru mpaka leo. Alisema majaribio ni majaribio, mtoto asihukumiwe kwa hayo. Lakini alimwambia binti yangu wazi kwamba mtihani wenyewe wa mwisho wa mwaka hauna huruma hiyo. Msimamizi anatoka shule nyingine, hamjui mtoto wa mtu. Ukitoka umetoka, na mwaka mzima unaurudia. Kiberiti naye alishaapa kwamba kurudia harudii, bora aache shule kabisa.

"Mama, mimi nimeshindwa," binti yangu akasema. "Nikitoka zamu namkuta macho makavu, simu mkononi. Chini ya kitanda makopo matupu ya vile vinywaji vya kuchangamsha. Asubuhi hali. Nikimuuliza ananijibu kama mimi nimemwibia."

Kiberiti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni ametupa mgongo, anatafuna kucha. Kucha zenyewe zilikuwa zimekwisha, sasa alikuwa anatafuna kidole.

Nikasema kitanda kipo, shule si mbali na hapa, atembee. Basi.

Nyumba yangu chumba cha mbele ndicho karakana. Kuna meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo chenye ufa pembeni ambao wateja wembamba wanausingizia kuwa unawanenepesha, na cherehani mbili. Moja ya umeme. Nyingine ya kanyagio, nyeusi, ambayo nimeishi nayo zaidi kuliko nilivyoishi na marehemu babu yao, na kwa kweli imeninunia mara chache zaidi. Barazani nagawana kivuli na jirani yangu, Fundi Saa, mwenye kisanduku chake cha kioo na ile lenzi anayoibana jichoni. Mtu wa maneno yule.

Mshauri wa shule alikuwa amempa binti yangu maagizo kwa mdomo: mtoto alale, ale, atembee, apumzishe macho na ile simu, apate wa kumsikiliza. Nikayakubali yote. Ila mimi namjua mtu wa umri ule. Ukimwambia jua linawaka atavaa sweta ili akukomeshe. Kwa hiyo sikumwambia kitu.

Asubuhi niliweka chai, mkate na yai mezani, nikaondoka zangu kwenda kufagia baraza. Mtu anayetazamwa hali. Siku za mwanzo nilikuta chai imevaa ngozi juu, yai limepoa, nikala mimi. Wala sikunung'unika. Siku moja nikakuta kikombe kitupu na ganda la yai limepangwa vizuri kwenye kisahani, nikakiosha kikombe kile polepole kama cha mgeni.

Simu nayo ilikuwa hivi. Nina kopo kubwa la bati la vifungo. Jioni tukishakula nilianza kutupia simu yangu mle, nikisema peke yangu kwa sauti kwamba wateja wamenichosha, mtu anakupigia kuulizia pindo la suruali wakati wewe unatafuta usingizi. Kiberiti akanitazama kama bibi ameanza kuzeeka. Ikapita siku, ikapita nyingine. Kisha jioni moja nikasikia kitu kinatumbukia kwenye vifungo, chwaa, na mtu anapita upesi kwenda chumbani kana kwamba ameiba. Sikuinua kichwa.

Yale makopo ya kuchangamsha aliyamaliza Fundi Saa. Alimwomba moja aonje, eti na yeye achangamke, akalinywa lote. Mchana mzima hakuweza kushika skrubu. Kila anapoinyanyua inaruka. Mwisho akaja mlangoni kwetu amekunja mikono kwapani kuizuia.

"Mke mdogo," akamwambia Kiberiti, maana huo ndio utani wao, "nisaidie. Nasikia saa zote za kisanduku changu zinakimbizana, na mimi niko mbele yao."

Mtoto akacheka. Nilikuwa nina pini mdomoni, nusura nizimeze kwa furaha. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje. Hakuyaacha yale makopo siku hiyohiyo, nisidanganye. Ila alianza kuyaona kwa jicho la Fundi Saa, na kitu ukishakicheka hakikutawali tena sana.

Mchana akitoka shule nilimtuma kupeleka nguo za wateja kwa miguu, kwenda na kurudi, vitabu vingoje. Akirudi ana jasho, anasoma vizuri zaidi. Nikamfundisha pia cherehani ya kanyagio. Ile mashine haipendi hasira. Ukiikanyaga kwa pupa gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, sindano inagugumia. Inataka mguu utulie kwanza, kisigino na vidole vipokezane. Mimi nikichafukwa na jambo huwa natoa uzi, naachia mkanda, nakanyaga mashine tupu mpaka kifua kinyooke. Wateja wakinikuta hivyo wanadhani naijaribu.

Na nikampa sheria moja ya karakana, ambayo mimi nilipewa na fundi aliyenifundisha kazi, naye sijui alipewa na nani. Jambo likiharibika, la kwanza kabla ya kusema neno: mkasi chini. Mshono uliokosewa unafumuliwa. Kitambaa kilichokatwa kwa hasira hakina dawa.

Akaniuliza, "Na kama mkasi hauko mkononi?"

"Basi weka chini chochote ulichoshika," nikamwambia. Akaguna.

Mtihani ukiwa umekaribia, tukapata kazi ya kwaya. Kiongozi wao, tunamwita Mama Kwaya, alileta kitambaa chao wenyewe cha rangi ya zambarau, kizuri, kinachong'aa upande mmoja na upande wa pili kimefifia. Wakataka magauni marefu, mikono mirefu inayopanuka huku chini kama kengele. Kitambaa kilikuwa cha kutosha tu, na dukani kilikuwa kimekwisha.

Siku moja kabla ya kukata mikono, simu ya Kiberiti haikuingia kwenye kopo. Wanafunzi wenzake walikuwa wanatumiana maswali yanayodaiwa yatatoka, kila mmoja na uongo wake, na yeye akayafuata yote. Asubuhi yake ilikuwa siku ya mapumziko. Alitoka chumbani uso umevimba, akasema chai baadaye. Mimi nilikuwa naishiwa uzi wa zambarau. Mkono wake kwenye kukata ni mzuri, hilo sina shaka nalo, nikamwachia meza nikaenda dukani.

Niliporudi alikuwa amemaliza. Mikono imepangwa juu ya meza, pembe kwa pembe, safi kama kadi. Nikainua mmoja, nikainua mwingine. Nikainua wa tatu.

Anayeshona ameshanielewa. Mkono wa gauni una mbele na nyuma. Kwapa la mbele linachimbwa zaidi. Kwa hiyo ukishakata wa kushoto, karatasi ya kukatia unaigeuza uso chini ndipo ukate wa kulia. Yeye alikuwa amelaza kitambaa chote uso juu, tabaka kwa tabaka, akaweka karatasi, akakata, akasogeza, akakata, bila kugeuza hata mara moja. Kwaya nzima ilikuwa imepata mikono ya kushoto.

Sikusema. Nilitaka nitafute kwanza namna ya kusema. Lakini aliniona nimenyamaza, akachukua miwili akailinganisha kifuani kwake, mmoja huku, mmoja huku. Nikaona damu inapanda kutoka shingoni. Mkasi mkubwa ulikuwa bado kwenye mkono wake wa kulia. Akaanza kusema maneno ya haraka, kwamba anajua, kila akigusacho kinaharibika, hesabu imeharibika, nguo imeharibika, na huku mkasi umefunguka na mkono wa pili umeshakamata rundo zima.

Nikasema kwa sauti ileile ninayoombea chumvi, "Mkasi chini."

Akanitazama. Ile ndiyo dakika ambayo nikisali huwa nairudia. Nilikuwa mbali naye, meza nzima iko katikati yetu, nisingemfikia. Kama angekata, nisingeweza kumzuia, na nadhani karatasi ya mtihani ingefuata njia hiyohiyo.

Akauweka chini. Na si kuuweka tu. Akausukuma mpaka ukafika upande wangu.

Kisha bila kuambiwa akaenda kwenye cherehani nyeusi, akatoa uzi, akainua sindano, akaanza kukanyaga. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu: mbele, nyuma, nyuma tena, gurudumu linakataa. Mimi nikafagia vipande. Nikafagia mahali palipokuwa safi. Taratibu nikasikia mashine inashika mwendo, taka-taka-taka, mwendo mmoja, kama mvua iliyokwisha kukata shauri kunyesha.

Akauliza bila kugeuka, "Bibi, mbona hukunifokea?"

"Kufoka kungeshona mkono wa kulia ningefoka," nikamjibu. "Njoo unywe chai."

Akanywa chai, akala mkate kipande kwa kipande. Ndipo Fundi Saa akachungulia, maana masikio yake hayana mlango, akatazama meza, akasema kwa upole mkubwa kwamba yeye anawajua watu wengi, lakini kwaya ya mashoto watupu ndiyo kwanza. Nikadhani mtoto atawaka. Akasema, "Babu, usicheke, hata wewe una mishale inayozunguka kulia tu." Yule mzee akarudi kwenye kisanduku chake anacheka.

Aliyepata ufumbuzi ni yeye Kiberiti, na tumbo likiwa limeshiba. Alikuwa amelaza mkono mmoja mezani anauzungushazungusha. Akasema, "Huku chini kwenye kengele ni kupana, Bibi. Tukiugeuza kichwa chini, si unatoka mkono mfupi? Na huo mfupi tunaukata wa kulia." Nikapima kwa tepu. Ulitoka, na nafasi ya pindo juu yake. Ila ilibidi yote iwe mifupi ili ifanane, na hilo si shauri letu, ni la mwenye nguo. Nikasema nitaenda kumweleza Mama Kwaya.

"Nitamweleza mimi," akasema. "Niliyekata ni mimi."

Mama Kwaya ni mtu mzuri, lakini akiudhika anaudhika kwa sauti zote nne. Alifika, akaelezwa, akainua mikono ile ya kushoto mmoja mmoja kama anayekagua samaki. Akasema alijua tu. Akasema kazi ya watu wazima akipewa mtoto ndiyo haya, na watoto wa siku hizi akili zao ziko kwenye simu, na kama aliyekata asingekuwa mjukuu wangu angemwambia maneno. Kisha akayasema hayo maneno.

Nilimtazama Kiberiti. Pua zimefunguka. Vidole vyake alikuwa ameviweka wazi mapajani, havikupanda mdomoni. Na chini ya meza, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga hewa: kisigino, vidole, kisigino, vidole.

Mama Kwaya alipovuta pumzi, mtoto akasema, "Samahani sana, mama. Ni kweli sikulala na kweli sikugeuza karatasi. Naomba uvae gauni hili tulilolishona la mfano, ukilikataa tutatafuta njia nyingine."

Aliona haya kukataa hata kulijaribu. Akavaa. Akasimama mbele ya kioo changu chenye ufa, akainua mikono kama anavyoiinua akiongoza, akaishusha, akaiinua tena. Kumbe siku zote mikono mirefu ilikuwa inamfunika vidole, waimbaji wa sauti ya pili hawaoni anapowaita. Hakutuambia ahsante siku ile, tusitie chumvi. Alisema kwamba atawauliza wenzake. Wenzake walikuja, wakavaa, mmoja akalalamika kwamba mikono yake minene, tukamwongezea urefu kwa vipande, na kazi ikaisha. Siku yao ilipofika wakaimba kwenye jua la mchana, wakamaliza wakavu wakati wageni wao wanajifuta jasho.

Tangu hapo ile simu haikungoja nianze mimi. Binti yangu akija kututembelea alikuwa anakuta mtoto amelala saa ya kulala, anatazama mlangoni, anafunga polepole, ananishika mkono. Na alishaacha kumwambia "usiniangushe." Nilimwomba hilo tu. Nilimwambia mtoto si trei ya vikombe.

Siku ya mtihani wa hesabu Kiberiti alikula yai, mkate na ndizi, akaniaga kama anayekwenda dukani. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilishona kifungo cha shati la mwanaume upande wa kike, nikafumua, nikakishona palepale tena. Nikaishia kukanyaga mashine tupu asubuhi nzima. Fundi Saa alikuja kuniuliza kama nina haja ya kujua saa, nikamwambia sina, akakaa kigodani hapohapo na hakufungua kisanduku chake. Kila mtu akipita njiani tunainua vichwa. Kama angerudi mapema, tungejua.

Hakurudi mapema. Alirudi wakati watoto wengine wanarudi, katikati yao, begi begani, anatembea. Akafika barazani, akatuona wazee wawili tumekaa kama wagonjwa kliniki, akacheka.

"Swali la kwanza sikulijua," akasema.

Fundi Saa akatoa lenzi jichoni, na wala hakuwa anatengeneza chochote.

"Kile kiwingu cheupe kikaja, Bibi, kilekile cha majaribio. Nikaona mkono unaishika karatasi. Nikaweka chini. Karatasi chini, kalamu chini. Mguu ukaanza wenyewe chini ya meza. Msimamizi akaja akanitazama miguu, akaniuliza taratibu kama nataka kwenda msalani. Nikatikisa kichwa. Ningemwambiaje kwamba nashona?"

"Halafu?"

"Halafu nikaikumbuka ile kwaya yenye mikono ya kushoto. Nikatabasamu, msimamizi akazidi kunishangaa. Nikajiambia, kosa langu siku ile lilikuwa moja tu, sikugeuza karatasi. Basi nikaigeuza. Nikaanza na swali la mwisho. Nilikuwa nalijua. Na linalofuata nikalijua nusu. Nikaja hivyohivyo kinyumenyume, na nilipofika la kwanza lilikuwa swali tu, Bibi. Bado silijui vizuri, lakini lilikuwa swali tu."

Kisha akauliza kuna chakula gani, maana ana njaa ya kufa.

Nilikwenda jikoni kumpakulia, nikachelewa kidogo huko kwa sababu ya macho. Nilimshukuru Mungu. Nikamshukuru na yule mwalimu wa darasa, mshauri wa shule, yule msimamizi nisiyemjua aliyeuliza taratibu badala ya kukemea, Mama Kwaya na maneno yake, Fundi Saa na tumbo lake lililobeba kopo zima, na fundi wangu aliye kaburini. Mpaka maharage yakaanza kushika chini ya sufuria, nikaona shukrani nyingine nitazimalizia kitandani.

Majibu yalikuja baadaye, na hesabu alifaulu, si kwa kishindo, ila alifaulu. Sasa anasoma mbele na anakuja likizo. Bado ni Kiberiti. Anawaka, ila siku hizi anatazama kwanza kuna nini karibu.

Kumbe Kiberiti alikuwa amekata mmoja zaidi, ukabaki mkono mmoja wa kushoto ambao hatukuuhitaji. Aliutundika mwenyewe kwenye msumari juu ya cherehani nyeusi. Wateja wakiuliza ni wa nguo ya nani, Fundi Saa anawajibu kutoka barazani kwamba mwenyewe alikwenda kutafuta wa kulia. Kiberiti akiwepo anaufuta vumbi, anatumbukiza simu yake kwenye vifungo, anauliza leo tunashona nini.